Edward Saidi Tingatinga: mchoraji aliyeanza na rangi ya baiskeli

Katika kipindi chetu cha watoto cha Jumamosi asubuhi niliuliza swali ambalo nilidhani ni rahisi: Tingatinga ni nani? Simu ya kwanza ilitoka Kawajense, na mtoto aliyepiga alijibu bila kusita kwamba tingatinga ni lile gari kubwa la kusukuma udongo. Wa pili akasema ni trekta. Wa tatu, wa Nsemulwa, akanisahihisha mimi mwenyewe. Alisema swali langu limekosewa, kwa sababu tingatinga haliulizwi ni nani, linaulizwa ni nini.

Siwezi kuwalaumu. Watoto wa Mpanda wamekua wakiiona mitambo ikipasua barabara za kwenda Tabora na Sumbawanga, na kwao neno hilo lina matairi, moshi na kelele. Lakini Tingatinga lilikuwa pia jina la mtu, jina la ukoo alilopewa mtoto mmoja wa Tunduru, na leo kuna picha zinazotundikwa ukutani Japani, Denmark na Marekani zikiitwa kwa jina hilo. Wanaozinunua wengi hawajui kwamba kulikuwa na mtu. Na sisi, watu wa nchi yake, tunaonekana hatujui pia.

Baada ya kipindi kile walimu wawili wa shule za msingi waliniomba maelezo ya maandishi wayatumie darasani, katika somo la sanaa. Mzazi mmoja alipiga simu akiwa na lalamiko, nalo nitalifikia. Makala haya ni jibu kwa wote watatu.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Namochelia, ambacho siku hizi kinajulikana zaidi kama Nakapanya, wilayani Tunduru, mkoa wa Ruvuma. Huko ni kusini kabisa mwa nchi, karibu na mpaka wa Msumbiji. Baba yake alikuwa Mngindo na mama yake Mmakua. Walikuwa wakulima wadogo, wanaolima ili wale, si ili wauze. Tazama majina yake mawili ya kwanza, Edward na Saidi, moja la Kikristo na jingine la Kiislamu, yamekaa kwa mtu mmoja bila kugombana.

Msomaji wa Katavi hahitaji kuelezwa sana Tunduru ya wakati ule ilikuwaje. Ilikuwa pembezoni, kama sisi tulivyokuwa pembezoni mwa Rukwa kabla ya mwaka 2012 tulipopata mkoa wetu. Kijana aliyetaka fedha ya kodi na nguo alilazimika kuondoka. Naye aliondoka katikati ya miaka ya 1950, akaenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge.

Wazee wa huku magharibi wanalijua vizuri neno manamba. Ndivyo walivyoitwa vibarua waliosombwa kutoka mikoa ya mbali kwenda kukata mkonge, kwa sababu kila mmoja alijulikana kwa namba yake. Walisombwa kutoka kusini, na kutoka huku kwetu pia, Buha na Ufipa. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, yaani kadi yenye siku 30. Siku ambayo hukumaliza kazi uliyopimiwa haikuhesabiwa, kwa hiyo siku 30 za kipande zingeweza kuchukua mwezi mmoja na nusu au zaidi kuzikamilisha. Waambieni watoto jambo hili, kwa sababu mchoraji wetu hakutoka chuoni. Alitoka kwenye mkonge, na mkonge unachoma.

Mwaka 1959 aliacha Tanga akaenda Dar es Salaam. Huko alikuwepo ndugu wa upande wa mama, Salum Mussa, aliyefahamika kama Mzee Lumumba, ambaye alikuwa mpishi katika nyumba ya ofisa wa Kiingereza. Kwa njia hiyo Tingatinga akapata kazi ya nyumbani na bustani. Aliishi Msasani. Leo Msasani ni mtaa wa majumba, lakini wakati ule upande wa wafanyakazi ulikuwa wa vibanda na mikorosho.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961, Wazungu wengi walianza kurudi kwao, na kazi za nyumbani zikayumba. Miaka iliyofuata ni miaka ambayo kila kijana wa mjini anaielewa: leo kibarua hiki, kesho kile, keshokutwa hakuna kitu. Alikuwa mtu mzima wa miaka zaidi ya 30, hana cheti cha kazi yoyote, na hakuna aliyemjua kama msanii.

Kisha, mwaka 1968, akaanza kuchora.

Kwa nini? Husimuliwa kwamba siku zile wachoraji kutoka Kongo walikuwa wakiuza picha zao mitaani Dar es Salaam, na wageni walizinunua. Tingatinga alizitazama, akapima, akaona na yeye anaweza. Wapo watafiti wanaoliangalia jambo hili kwa namna nyingine: wanasema huko kwao watu walipamba kuta za nyumba za udongo kwa michoro, na kwamba mkono wake ulianza kuzoea huko. Mimi sioni kwa nini yote mawili yasiwe kweli. Mtu huweza kubeba kitu kutoka kijijini miaka 20 bila kukitumia, mpaka siku anapomwona mwenzake akipata riziki kwa kitu kama hicho.

Hapa ndipo ninapotaka walimu wapunguze mwendo, kwa sababu maisha ya mtu huyu yanafundishika vizuri zaidi kwa kuanzia na vifaa vyake.

Hakuwa na kitambaa cha wachoraji wala rangi za wachoraji. Alichokuwa nacho ni kile kilichouzwa katika duka la vifaa vya ujenzi. Alichukua zile bodi ngumu za mbao iliyosagwa zinazotumika kwenye dari, akazikata vipande vya mraba vya futi 2 kwa 2 hivi, yaani kama sentimita 60 kila upande. Bodi nzima ya futi 4 kwa 8 inatoa vipande 8 vya namna hiyo bila kubaki hata kidogo. Mpe mtoto wa darasa la nne hesabu hiyo achore kwanza kwenye daftari. Ni hesabu ya kweli na jibu lake linatundikwa ukutani.

Rangi ilikuwa rangi ya mafuta ya kopo, ile inayopakwa kwenye milango na baiskeli. Rangi hii ina tabia zake. Inang'aa. Inakauka na kuwa ngumu kama ganda. Na haipendi kuchanganywa juu ya ubao: ukiipaka nyekundu kabla njano haijakauka, unapata tope. Kwa hiyo anayeitumia hana budi kwenda kwa hatua. Kwanza anapaka ubao wote rangi moja, labda nyeupe au njano au buluu, anauacha ukauke. Siku nyingine anamweka mnyama katikati, rangi bapa, bila kivuli. Anasubiri tena. Mwisho anaweka macho, mistari, madoadoa.

Ukiangalia picha zake, sura yake yote imetoka hapo. Mnyama mmoja mkubwa, amejaza ubao, mgongo umepinda kufuata nafasi iliyopo. Nyuma yake hakuna milima wala miti mingi, ni rangi tupu. Chui ana madoa yaliyopangwa kama shanga. Nyati anakutazama usoni. Ndege ana shingo ndefu kuliko alivyoumbwa. Wageni waliona katika picha hizo furaha na ajabu, na wengine wakaandika maneno mengi kuhusu jambo hilo. Fundi rangi yeyote wa hapa mjini ataona kwanza mtu aliyeijua rangi yake, alijua itakachokubali na itakachokataa, akachora kwa kuifuata.

Mwezi mmoja nilialikwa na mwalimu wa shule moja hapa mjini nikaone alivyolifanya hili kwa vitendo. Nilienda na kinasa sauti, nikagundua upumbavu wangu baada ya dakika 5: watoto zaidi ya 60 wanaochora hawatoi sauti ya kurekodi. Walikuwa kimya kuliko nilivyowahi kuona darasa la Kitanzania likiwa kimya.

Mwalimu alikuwa ameomba masalia ya silingibodi kwa fundi aliyekuwa anamalizia nyumba ya jirani. Vipande havikutosha, kwa hiyo nusu ya darasa lilitumia maboksi yaliyokatwa. Brashi zilikuwa 4 tu. Wengine walitumia mswaki wa mti uliotafunwa ncha, na kwa madoadoa walitumia njiti za kiberiti zilizokwisha kuwashwa. Rangi iligawiwa kwenye vizibo vya soda. Kazi ilichukua vipindi 3 katika wiki 2, kwa sababu mwalimu alikataa kabisa kuruka hatua: siku ya kwanza rangi ya nyuma tu, na anayemaliza aende nje.

Jambo moja la tahadhari. Mwalimu yule alitumia rangi ya maji, ile ya kupaka ukuta, na alifanya vizuri. Tingatinga alitumia rangi ya mafuta, lakini alikuwa mtu mzima. Rangi za mafuta, hasa za zamani, zinaweza kuwa na madini ya risasi ndani yake, na risasi ikiingia mwilini mwa mtoto inadhuru ubongo wake, hata kwa kiasi kidogo. Harufu ya tina nayo si ya kuvuta katika chumba kilichojaa watoto. Sisi wa Mpanda tunapaswa kuyajua madini haya kuliko wengine. Reli yetu kutoka Kaliua ilijengwa na Waingereza miaka ya 1940 mwishoni ili kubeba risasi ya mgodi wa huku. Kwa hiyo, mwalimu, kopo la rangi ya mafuta lililobaki stoo tangu milango ipakwe, liache hukohuko.

Turudi Dar es Salaam. Picha zilianza kuuzwa. Mahali palikuwa nje ya duka lililoitwa Morogoro Stores, eneo la Oysterbay, ambako Wazungu na mabalozi walikuja kununua mahitaji yao. Watoto wengi wakisikia jina hilo hudhani ni mkoani Morogoro. Waeleze kwamba ni Dar es Salaam, karibu na bahari. Mwaka 1970 Tingatinga alimwoa Agatha Mataka. Alikuwa pia amepata ajira katika hospitali ya Muhimbili, na wakati yeye yuko kazini, mke wake ndiye aliyekaa chini ya mti na picha, akipanga bei na wageni. Simulizi nyingi humtaja mama huyu kwa mstari mmoja tu. Mimi naona bila yeye biashara ile isingekuwepo, maana picha isiyouzwa haimnunulii mtu bodi ya pili.

Soko lilipokua, akawaita ndugu. Hakufungua shule wala hakuchapisha tangazo. Aliwachukua vijana wa kwao, wengi wakiwa jamaa waliokuja mjini kutafuta kazi kama alivyokuja yeye: Simon Mpata, January Linda, Ajaba Abdallah, Kasper Tedo, Adeusi Mmatambwe. Walikaa chini uani, wakajifunza kwa kutazama na kusaidia. Anayeanza anapaka rangi ya nyuma. Akizoea anajaza mnyama aliyechorwa na mwalimu. Baadaye anachora wake. Ni njia ileile ambayo hapa Mpanda mtoto anajifunza ufundi baiskeli au ushonaji, anaanza kwa kushika spana na kufagia.

Kufikia mwaka 1971 shirika la serikali lililoshughulika na kazi za sanaa lilikuwa limeanza kununua picha zake. Kwa mtu aliyekuwa akiokoteza vibarua miaka michache nyuma, ilikuwa hatua kubwa. Alikuwa amechora kwa miaka 3 tu.

Mwaka uliofuata, 1972, aliuawa. Usiku mmoja alikuwa ndani ya gari na wenzake jijini Dar es Salaam. Polisi waliwadhania kuwa wahalifu, na katika kufukuzwa huko Tingatinga akapigwa risasi. Alikuwa na umri wa miaka 40 hivi. Hakuwa mwizi. Aliacha mke na watoto wawili wadogo, na akazikwa hukohuko Msasani.

Lalamiko la mzazi niliyemtaja mwanzoni lilihusu hapa. Ni mama wa Makanyagio, na alizungumza nami kwa heshima, kwa hiyo nami nataka kumjibu kwa heshima. Aliuliza kwa nini niliwaeleza watoto wa miaka 8 na 9 kwamba mchoraji alipigwa risasi na polisi kwa makosa. Mwanawe alikuwa amemuuliza maswali chakula cha mchana chote. Aliona ningetosheka na kusema kwamba alifariki mwaka 1972, basi.

Nimelifikiria, mama. Kuna vitabu vya watoto vinavyofanya hivyo: vinamaliza kwa kusema kwamba alifariki akiwa kijana na kazi yake inaendelea. Ni rahisi na ni salama. Lakini mtoto akiniuliza alikufa kwa ugonjwa gani, nimwambie nini? Na hawa watoto wetu si wageni wa jambo hili. Wanajua inavyokuwa neno mwizi likipigwa kelele sokoni, jinsi watu wanavyokimbia wakiwa na mawe kabla hata hawajajua aliyeibiwa ni nani. Wengine wameona kwa macho yao. Mwanao alitaka kujua kama waliomdhania Tingatinga walimuuliza jina kwanza. Mimi sina swali bora kuliko hilo. Ningekubaliana nawe kwamba habari hii isitolewe asubuhi bila wazazi kuambiwa mapema, na safari ijayo tutatangaza kabla. Lakini kuiondoa, hapana.

Pale darasani mwalimu aliieleza kwa sentensi tatu, kwa sauti ya kawaida, akanyamaza, akaacha waulize. Mtoto mmoja aliuliza kama picha alizokuwa hajazimaliza zilimaliziwa. Sijui alilitoa wapi swali hilo, lakini linakupeleka moja kwa moja kwenye sehemu inayofuata ya habari.

Kwa sababu wale vijana hawakutawanyika. Walikuwa na ujuzi, walikuwa na mahali pa kuuzia, na sasa hawakuwa na mwalimu. Walijiunga wakaendelea kuchora palepale Morogoro Stores, wakiutumia mtindo wa marehemu na jina lake. Mwaka 1990 kikundi hicho kikawa chama cha ushirika kilichosajiliwa, na ushirika huo upo mpaka leo. Waliofundishwa na Tingatinga wakawafundisha wengine, na hao wengine wakawafundisha wengine. Simon Mpata alihamia Nairobi, na picha zake zikapendwa sana Japani. Wengine walianza kuujaza ubao: badala ya mnyama mmoja wakaweka wanyama 20, wakaongeza Mlima Kilimanjaro nyuma, wakachora hospitali, masoko, mashetani. Mwaka 2010 hata televisheni ya watoto ya Uingereza ilirusha katuni zenye jina la Tinga Tinga, zilizotengenezwa Nairobi, wanyama wakisimulia hadithi za Kiafrika.

Palipo na fedha pana udanganyifu pia. Picha alizochora kwa mkono wake zilikuwa chache, maana alifanya kazi hii kwa miaka isiyozidi 4, na zinazouzwa duniani kwa sahihi yake ni nyingi kuliko ambavyo mtu mmoja angeweza kuchora. Ndiyo maana wataalamu wanabishana mnadani mbao ipi ni yake na ipi si yake.

Sasa niseme jambo ambalo huenda walimu wasilipende. Katika mradi ule wa darasani, mwanzoni mwalimu alibandika ubaoni kalenda yenye picha ya Tingatinga, twiga wawili shingo zimepishana, akawaambia wachore. Matokeo yalikuwa twiga zaidi ya 60. Baadhi walikuwa wazuri kweli. Lakini nilipomuuliza mmoja wao kama amewahi kumwona twiga, alisema hapana, ameona kwenye kalenda.

Hatukai Dar es Salaam. Hifadhi ya Taifa ya Katavi iko kama kilomita 40 kutoka Mpanda mjini, geti liko Sitalike, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 4,471. Wakati wa kiangazi, mto Katuma unapokauka na kubaki madimbwi, viboko wanasongamana Ikuu mamia kwa mamia, mgongo juu ya mgongo, katika tope ambalo huwezi kujua kiboko mmoja anaishia wapi na mwingine anaanzia wapi. Watalii wanavuka bahari kuja kuona jambo hilo. Watoto wetu wengi hawajawahi kulipiwa basi la kwenda kuona, ingawa wale wa vijiji vya pembezoni wamekutana na tembo kwenye mahindi ya baba yao bila kulipa kiingilio.

Nilimweleza mwalimu hivyo, kwa unyonge, kwa kuwa cheti changu ni cha utangazaji na si cha ualimu. Hakuchukia. Kipindi kilichofuata aliiondoa kalenda akawaambia kila mmoja achore mnyama aliyewahi kumwona kwa macho yake, na asiyemwona wa porini achore wa nyumbani. Nilirudi siku hiyo kwa sababu nilitaka kujua. Tulipata kuku wengi mno, na mbuzi, na ng'ombe wenye pembe ndefu kama za kule kwenye mifugo ya Wasukuma. Tulipata punda wa kubebea maji. Tulipata panya mmoja aliyechorwa na mvulana ambaye alieleza kwa kirefu jinsi anavyokula mpunga wao stoo. Kila mmoja akiwa peke yake katikati, rangi tupu nyuma, mgongo umepinda kufuata nafasi, madoadoa ya njiti ya kiberiti. Yaani, walikuwa wameacha kunakili picha ya Tingatinga na kuanza kufanya alichokuwa anafanya yeye.

Nikiri kwamba nina sababu yangu ya kulipigania hili. Nilipokuwa darasa la tano, katika shule ambayo sitaitaja, nilichapwa viboko 4 kwa kuchora treni nyuma ya daftari la hesabu. Ilikuwa treni yetu ya Mpanda, na mabehewa nilikuwa nimeyahesabu sawasawa. Mwalimu alisema daftari si mahali pa michezo. Hakuna aliyeniambia kwamba nchini kwetu kulikuwa na mtu aliyekata mkonge, akafagia bustani, kisha akachora chui kwa rangi ya baiskeli na dunia ikamjua. Pengine nisingekuwa mchoraji hata ningeambiwa. Mkono wangu si mzuri. Lakini ningejua kwamba kilichokuwa nyuma ya daftari hakikuwa uchafu.

Kwa walimu walioomba, mambo machache ya matumizi. Ombeni masalia ya silingibodi kwa mafundi, hutupwa. Robo kopo ya rangi ya maji nyeupe na makopo madogo ya rangi za kuchanganyia vinatosha darasa zima, maana rangi ya nyuma mnaweza kuitengeneza kwa kuongeza rangi kidogo kwenye nyeupe. Nyeusi tumieni mkaa uliosagwa na gundi. Msianze na habari za maisha yake. Anzeni na ubao, waache wasubiri ukauke, na wakiwa wanasubiri ndipo muwaeleze habari za Tunduru, Tanga, Msasani na Morogoro Stores. Kukauka kwa rangi kunawapa muda mwingi wa kusikiliza.

Wale watoto walituletea picha 7 studio. Tumezitundika kwenye korido, upande wa mlango wa chumba cha matangazo. Ipo moja ya kiboko, ya msichana ambaye familia yake inaishi upande wa Sitalike. Ana miguu saba. Mtangazaji mwenzangu alipoicheka, msichana alimweleza kwamba miguu mitatu si ya huyu, ni ya wale waliolala chini yake.